Inchi Tatu Chini ya Paa la Merv

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024. Asubuhi ilikuwa na baridi ya nyuzi saba. Jua lilitoka mapema bila joto, na kuanzia saa mbili upepo mkavu wa magharibi ulianza kuvuma, haukutulia siku nzima.

Verdiane Nibigira alinisubiri nje ya nyumba yake pale Minto saa kumi na mbili na dakika ishirini. Mimi ndiye niliyempeleka kwa gari, kwa hiyo saa ninazoandika hapa ni za saa yangu ya mkononi. Alikuwa amejitupia kitenge begani juu ya sweta, na mkononi ana mfuko mdogo wa kitambaa. Ndani ya mfuko mlikuwa na nyembe tatu, sindano ya kupinda, uzi uliopakwa nta, koleo ndogo na chaki.

"Unakwenda kutazama magari au unakwenda kushona?" nilimuuliza.

"Fundi akienda harusini bila sindano, jirani, huyo ni mla pilau tu."

Tulicheka, lakini alikaa kwenye kiti changu kama mtu anayepelekwa kusikiliza hukumu. Tulipofika barabara kuu aliniambia kwa nini.

Verdiane ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa kwenye milima ya Makamba, kusini mwa Burundi. Mwaka 1996 alivuka mpaka na mama yake wakaishia kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, na huko akakaa miaka kumi na miwili. Cherehani alijifunzia kambini, kwa fundi mmoja mzee aliyeitwa Gratien. Gratien alikuwa na futi moja ya kupimia, na namba zake za mwanzo zilikuwa zimefutika, kwa hiyo wanafunzi wake walizoea kupima watu kwa shibiri na kwa macho. Mteja alipofika mlangoni, Verdiane alikuwa ameshajua kiuno chake, upana wa mabega yake, na ni wapi suruali itambana akiinama. Kila kitu kilipimwa kwa mtu. Kambini hapakuwa na kingine cha kupimia.

Alifika Sydney mwaka 2008 na binti yake Belyse, wakati huo akiwa na miaka miwili. Baba yake Belyse alibaki Kigoma, na habari zake si za karatasi hii. Waliishi kwanza Fairfield. Alifanya kazi katika kiwanda cha mashuka mpaka kilipofungwa, kisha akasomea kuhudumia wazee, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akiwaogesha, akiwageuza na kuwakalisha wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee upande wa Campbelltown. Mgongo wake sasa unamwamsha kabla ya saa.

Kazi ya viti ilimjia kanisani. Viti vya kwaya vilikuwa vimechanika, akavishona upya kwa wiki mbili bila kuombwa. Jumapili iliyofuata mtu mmoja alipindua kiti juu chini katikati ya matangazo ili aone kilivyofungwa kwa ndani. Mtu huyo alikuwa Akilimali, mwenyeji wa Uvira, mwenye karakana ya viti vya magari katika eneo la viwanda la Minto. Ana miaka sitini na mmoja, na macho yake yameanza kukataa uzi mwembamba.

Wateja wa Akilimali ni watu wa hotrod. Ni Waaustralia, wengi wao wenye umri, wanaonunua magari ya miaka ya thelathini na arobaini, wakayakata paa na kulishusha, wakayateremsha mpaka yakaribie lami, wakayatia injini kubwa na kuiacha wazi ionekane. Kwao kila kitu lazima kiwe kama kilivyofanywa enzi hizo. Viti hushonwa kwa mistari mirefu iliyojazwa, kama mirija iliyolazwa sambamba, na mteja hupitisha kidole kwenye kila mstari akitafuta ule uliopinda.

Karakana ilikuwa na nafasi moja ya fundi wa kudumu. Waliofikiriwa ni wawili: Verdiane, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akija siku zake za mapumziko tu, na fundi mmoja wa Auburn mwenye cheti cha chuo. Akilimali alimwambia Verdiane bila kuzunguka: kiti cha Merv ndicho mtihani wako. Kikipita maonyesho ya Jumamosi, unaanza Jumatatu. Kisipopita, namwita yule wa Auburn. Na nyumba ya wazee ilikuwa imemwekea mezani mkataba mpya wa zamu wa miaka miwili, jibu likitakiwa kabla wiki haijaisha.

"Leo ndiyo najua nitanyanyua nini mpaka nizeeke," aliniambia tukingoja taa igeuke kijani. "Watu au viti."

Uwanja wa maonyesho hauko mbali na Fairfield. Tulipoingia saa moja na nusu, magari yalikuwa yameshajipanga nyasini, meusi, mekundu, ya kijani cha chupa, mengine yamechorwa miali ya moto mbavuni. Wanawake walivaa magauni ya madoadoa yenye marinda mapana, vichwani vitambaa vyekundu. Wanaume walipaka nywele mafuta na kuziinua mbele kama kishungi cha hondohondo. Jukwaani vijana watatu walijaribu vyombo vyao, gitaa moja la besi likiwa refu kuliko mpigaji. Kibanda cha soseji kilikuwa kimeanza kukaanga vitunguu.

Masharti yalikuwa yamebandikwa langoni. Niliyanakili. Gari linaloshindania kazi ya ndani liendeshwe na mwenye gari mwenyewe, lipite mbele ya meza ya waamuzi kabla ya saa tano kamili. Lisilopita limejitoa.

Gari la Merv lilifika juu ya tela saa mbili na dakika kumi. Ni Ford ya mwaka 1934, milango miwili, rangi ya damu ya mzee. Merv ni fundi bomba mstaafu wa miaka sabini na minne, mrefu wa futi sita na inchi mbili, na mwezi wa nne alibadilishwa nyonga. Gari hilo amelijenga miaka thelathini na mmoja. Paa alilikata mwenyewe kwa msumeno na kulishusha inchi nne, kwa hiyo kioo cha mbele kimebaki mwanya mwembamba, kama tundu la barua. Kwa wiki saba gari lilikuwa kwa mpaka rangi, fundi wa kupaka magari. Akilimali alikifunga kiti ndani yake Ijumaa jioni, huko huko kwa mpaka rangi, akaondoka.

Walipofungua mlango, watu sita saba walisogea. Kiti kilikuwa cheupe cha maziwa na mirija myekundu pembeni, mistari ishirini na miwili, hakuna hata mmoja uliopinda. Mama mmoja mwenye tatuu ya mbayuwayu shingoni alisema "Mungu wangu," akamuuliza Akilimali nani ameshona. Akilimali alimwonyesha Verdiane kwa kidevu. Nilimwona Verdiane akishusha pumzi.

Kisha Merv akaingia ndani ya gari.

Kichwa chake kiligonga paa kabla hajamaliza kukaa. Alivua kofia, akajaribu tena. Alipokaa kabisa ilimbidi alaze shingo begani kama kuku anayesinzia, na macho yake yakatazamana na bati lililo juu ya kioo. Barabara hakuiona hata kidogo.

"Nimerefuka usiku?" alisema, akacheka. Watu wakacheka naye. Akajisukuma mbele, akajirudisha nyuma, akateremka kidogo mpaka magoti yakagonga usukani, na nyonga ikamfanya aume meno. Hapo kicheko kiliisha. Alitoka polepole akishika mlango.

"Akili," alimwita Akilimali hivyo, "hiki ni nini?"

Akilimali aliinamia ndani ya gari, akapiga sakafu kwa ngumi mara mbili.

"Sakafu," alisema. "Walipopaka rangi waliifungua, wakairudisha juu. Ona hapa. Mpaka rangi huyo."

Merv hakungoja zaidi. Alitoa simu akatembea kuelekea kwenye uzio, na hata upepo haukutuzuia kumsikia akimfokea mpaka rangi.

Verdiane alikuwa amesimama ameshika mlango, akikitazama kiti, kisha paa, kisha kiti. Baadaye alinieleza alichokuwa akikiona. Aliona siku ile ya Julai, Merv amesimama karakanani na yeye akimpima kama mtu anayeshonewa suti: paja, mgongo, upana wa makalio, goti mpaka kisigino. Kiti kilikuwa sakafuni, peke yake, bila gari. Merv alikikalia, akafumba macho, akasema tangu mwezi wa nne hajakaa mahali bila maumivu mpaka leo. Verdiane alimhurumia. Alipoondoka, alimwongezea inchi nyingine ya sponji ngumu chini. Alikuwa amempima mtu wote. Gari hakulipima, wala paa hakuwahi kuliona.

"Kaka Akilimali," alisema kwa Kiswahili, taratibu. "Si sakafu."

"Nyamaza kwanza, mama Belyse."

"Sakafu iko sawa. Ni mimi. Nilimpima mzee, sikupima gari."

"Nimesema nyamaza! Bon, sikia. Mpaka rangi ataitwa, watabishana, saa tano itapita, gari litakuwa limejitoa kwa sababu ya sakafu. Kiti hakina kosa. Kiti kila mtu amekisifu, hukusikia? Jumatatu unaanza kazi. Wiki ijayo tunakipunguza kimyakimya, na hakuna atakayejua."

"Na yule anayefokewa kwenye simu?"

"Huyo mzungu atapona."

"Na Mzee Merv? Miaka thelathini na mmoja, kaka."

"Mama, mimi nimefanya kazi na hawa watu miaka kumi na mbili. Ukisema sasa, mimi ndiye mwongo. Umenielewa? Mimi, mbele yao. Ukiniweka hapo, usije ukaniuliza habari ya Jumatatu."

Ilikuwa saa mbili na dakika thelathini na nane. Verdiane alifunga kitenge kiunoni, akakaza fundo, akatembea kuelekea kwenye uzio. Nilimfuata hatua chache nyuma.

Alimngoja Merv akate simu. Kiingereza chake ni cha kazini, kifupi, na alikitumia kama anavyowaeleza wazee kwamba sasa atawageuza upande.

"Si mpaka rangi. Ni kosa langu. Nilikupima wewe, sikupima gari. Kiti kimezidi inchi tatu."

Merv alimtazama, kisha akamtazama Akilimali aliyekuwa mbali kando ya gari, amewapa mgongo.

"Akili anajua?"

Verdiane alinyoosha kidole kuelekea kwenye gari. "Ninaweza kukipunguza. Hapa. Sasa hivi."

"Hakuna mtu atakayefungua kiti hicho kwenye nyasi," Merv alisema. "Vumbi lote hili? Ngozi nyeupe? Bora nilirudishe kwenye tela niende nyumbani."

"Nipe mpaka saa nne na dakika arobaini. Ikishindikana, nitakwenda mimi mezani kwa waamuzi niwaambie ni nani aliyekosea. Jina langu nitaliandika mwenyewe."

Merv alitazama gari lake. Nadhani alitaka kumkatalia. Lakini mama mwenye tatuu ya mbayuwayu, ambaye alikuwa amesikia yote bila kujificha, alisema, "Merv, kwenda nyumbani unaweza hata saa tano na dakika moja."

Merv mwenyewe alitoa spana kwenye buti ya gari. Bolti nne. Saa tatu kasoro dakika mbili kiti kilikuwa nje.

Verdiane alikivua kitenge akakitandaza nyasini upande usio na upepo, gari likiwa ukuta. Alikilaza kiti kifudifudi. Chini yake ngozi ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwenye ubao kwa pini za chuma, pini mia mbili na zaidi, alizozipiga mwenyewe. Alianza kuzing'oa kwa koleo moja baada ya nyingine. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika ubao na kuokota pini ili zisibaki nyasini.

"Jirani, naomba kisu," alisema bila kuinua kichwa. "Cha meno. Cha mkate."

Nilikimbilia kwenye kibanda cha soseji. Mama wa soseji alinipa kisu kirefu kilichonuka vitunguu, akauliza, "Mnamwua nani?"

"Sponji."

"Mwambieni asipige kelele."

Niliporudi kifuniko kilikuwa kimefunguka nyuma na pembeni, na tabaka mbili za sponji zilionekana: ngumu ya inchi tatu chini, laini ya inchi mbili juu. Merv alikuwa amesimama juu yetu, mikono kifuani. Verdiane alikifuta kisu kwa kitenge, akakifuta tena, akakinusa, akakifuta mara ya tatu.

Kama angeitoa ile ngumu yote, kiti kingeshuka inchi tatu kamili, lakini mifupa ya Merv ingegonga ubao kwenye kila shimo, na nyonga ile ingemtoa machozi kabla hajafika kwa waamuzi. Hapo ndipo miaka kumi na moja ya wazee ilipoingia mikononi mwake. Alimwambia Merv akae kwenye ile sponji ngumu, hapo hapo nyasini, na asitikisike. Merv alikaa kwa shida, akilalamika. Verdiane alipiga magoti nyuma yake, akaingiza viganja viwili chini yake.

"Haya! Hata mke wangu anaomba ruhusa kwanza," Merv alisema.

"Nyamaza, natafuta mifupa."

Watu waliokuwa wakitazama waliangua kicheko. Verdiane hakucheka. Aliipata mifupa miwili ya makalio na ncha ya uti wa mgongo, akaitia alama ya chaki kwenye sponji, akamwinua Merv kwa namna anayowainua wazee, goti lake likiwa kati ya magoti ya mzee. Kisha akaikata ile sponji ngumu kwa ubapa, kutoka inchi tatu ikabaki moja, na kwenye alama za chaki akachimba mashimo matatu mpaka chini. Mapaja yangebeba uzito, mifupa ingezama inchi ya tatu bila kugusa kitu kigumu. Vipande vya sponji vilipeperuka uwanjani kama mayai ya wadudu, na mtoto mmoja alivikimbiza.

Saa nne kasoro robo alianza kurudisha kifuniko. Sasa kilikuwa kikubwa kuliko kiti. Ilibidi avute kila upande chini ya ubao, inchi mbili, sawasawa, ili mistari ishirini na miwili isipinde. Alivuta wa katikati kwanza, kisha wa kulia, kisha wa kushoto. Pini za zamani hazikuweza kutumika tena, na bunduki ya kupigia pini ya Akilimali ilitaka umeme ambao haukuwepo. Verdiane alianza kushona kwa mkono, akiikamata ngozi kwenye kitambaa kigumu kilichogongomewa chini ya ubao, mshono mmoja kila upana wa kidole. Nilihesabu kichwani, nikaona hatafika. Nadhani naye alihesabu.

Ndipo ncha ya pini moja iliyobaki ilimpasua kidole cha shahada. Damu ilitoka haraka. Aliutupa mkono pembeni, mbali na ile ngozi nyeupe, akazungusha uzi wa nta kwenye kidole mara tano, akaukaza kwa meno. Katika kuutupa mkono huo, mkono mwingine ulivuta. Kona ya nyuma kushoto ikalia "tss". Mpasuko wa urefu wa ukucha.

Merv alikuwa ameuona. Aligeuka akatazama upande wa jukwaa.

Verdiane alikaa juu ya visigino vyake. Kisha aliukunja ule mpasuko ndani, akaubana chini ya mkunjo wa pili, na kona ikawa nene, yenye mikunjo mitatu badala ya mmoja. Akaendelea.

Saa nne na dakika kumi na mbili mtu alipiga magoti upande wa kulia wa ubao. Alikuwa Akilimali. Mkononi alikuwa na nyundo ndogo ya kizamani na kopo la misumari mifupi, vitu alivyovipata kwa wauza vipuri vya kale nyuma ya uwanja. Hakumtazama Verdiane wala hakunisalimu. Alitia misumari mdomoni kama mafundi wa zamani, akaanza kugongomea: tak, tak, tak. Verdiane alivuta, yeye akapiga. Kwa dakika ishirini na tano hawakusema ila "hapa" na "bado" na "vuta".

Saa nne na dakika thelathini na tisa kiti kiligeuzwa juu. Mistari ilisimama. Kona ya kushoto ilikuwa kama shavu la mtu mwenye jipu.

Bolti nne zilirudi. Merv aliingia ndani. Hakuharakisha. Alikaa, akanyoosha mgongo, na akapitisha kidole kati ya utosi wake na paa. Kidole kilipita. Akatazama mbele.

"Naona barabara," alisema. Kisha akamtazama Verdiane. "Na hainiumi. Kidogo tu upande wa kushoto."

"Kidogo kiasi gani?"

"Baadaye, Verdi! Nipishe!"

Injini iliwaka ardhi ikatetemeka. Gari liliteleza kati ya watu, likipiga honi, likapita mbele ya meza ya waamuzi saa tano kasoro dakika nne. Verdiane alibaki amesimama kwenye kitenge chake kilichojaa pini na vipande vya uzi. Nilimshauri akae chini. Alikataa.

Kombe la viti halikuja kwetu. Lilichukuliwa na Chevrolet ya kijani iliyotoka Newcastle. Mwamuzi mmoja, mama wa makamo mwenye miwani ya pembe, alikipapasa kiti cha Merv mstari kwa mstari, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akafika kwenye kona ya kushoto, akasimama, akaandika.

Saa saba mchana tulikuwa tumekaa kwenye nyasi tukila mikate ya soseji. Merv alikuja na Akilimali nyuma yake.

"Nimempigia mpaka rangi kumwomba radhi," Merv alisema. "Kisha nimempa simu Akili naye aombe ya kwake. Amechukua muda mrefu kuliko mimi."

Akilimali alikuwa akitazama viatu vyake. Merv alimpiga bega, akaenda zake kwa watu waliokuwa wakilipiga picha gari.

Akilimali alikaa, akiwa ameacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na Verdiane. Aliongea kwa Kiswahili.

"Umeniaibisha."

"Ndiyo, kaka."

"Mbele ya mteja wangu. Mbele ya huyu jirani yako anayeandika kila kitu."

"Ndiyo."

"Hata pole huniambii?"

"Pole kwa aibu, kaka. Kwa kusema, hapana."

Akilimali alicheka puani, kicheko kisicho na raha. Aling'oa majani akayatupa, upepo ukamrudishia usoni.

"Jana niliona kile kiti kimekaa juu," alisema. "Nilipofunga bolti. Nikasema, labda mzee ni mfupi kuliko ninavyokumbuka. Nilitaka kwenda nyumbani. Sikukikalia. Kwa hiyo ule uongo haukuwa wako peke yako wa kuukataa, ulikuwa wangu wa kutouanza." Alisimama kwa kushika goti. "Jumatatu, saa moja. Miezi mitatu ya kwanza vipimo vyako vyote navipitia mimi, kila kimoja, hata cha kigoda. Yule wa Auburn nitamweleza mwenyewe."

Verdiane aliweka mkate chini.

"Na ile kona?" aliuliza.

"Kona gani? Ile ni kona? Ile ni aibu ya ukoo."

Alikuwa bado akiitukana ile kona alipoondoka. Verdiane alitoa simu, akampigia meneja wa nyumba ya wazee, akamwambia kwamba mkataba hatautia sahihi na kwamba atamaliza zamu zake za mwezi huu zote, jioni baada ya karakana. Alisema asante mara tatu. Kisha akaumaliza mkate wake.

Jumapili asubuhi Belyse alimkuta mama yake mlangoni saa kumi na mbili na nusu, amevaa nguo za kazi. "Mum, it's Sunday. Church?" alimuuliza. Verdiane alimjibu kwa Kiswahili kwamba aende na kwaya, yeye atakuja ibada ya pili. Alikuja kunigongea, nikampeleka mpaka kwa Merv. Merv alifungua gereji akiwa na kikombe cha chai, bado amevaa ndala. Verdiane alimwomba kwanza aingie ndani ya gari akae. Aliingiza mkono kati ya utosi na paa, kisha kati ya paja na usukani, kisha akamwuliza upande wa kushoto unauma wapi hasa. Merv alimwonyesha: juu ya ile kona nene. Ndipo akafungua bolti nne, akakilaza kiti kwenye zulia kuukuu, akang'oa misumari ya kona ya nyuma kushoto, akaikata ile ngozi iliyopasuka, na akaanza kuishona upya kuanzia ndani.